Injini na gia boksi ya akiba kwa Massey ya zamani: kabla hujanunua na baada ya kununua

Huku Babati maandalizi ya mashamba yameanza na simu nazo zimeanza. Ndani ya wiki mbili hizi vijana watatu wameniuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: "Bwana shamba, nimepata injini ya Massey imelala mahali, ninunue niweke akiba?" Nimeona badala ya kumjibu kila mmoja peke yake niandike hapa, maana swali hili nimewahi kulijibu vibaya na mtu akaumia.

Ni hivi. Miaka minne iliyopita nilimshauri kijana mmoja wa huku kwetu anunue injini ya akiba. Anatumia Massey Ferguson 135 aliyoachiwa na baba yake, analima ekari zake 40 za mahindi na mbaazi, halafu analimia watu kwa malipo. Tulipata injini ya Perkins ya silinda 3 iliyotolewa kwenye mtambo wa kuvuta maji ya umwagiliaji. Muuzaji aliiwasha mbele yetu, ikalia vizuri, moshi kidogo tu. Nikamwambia nunua. Tukaipeleka nyumbani, tukaiweka nyuma ya jiko, tukaifunika turubai. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yetu.

Novemba ya mwaka uliofuata, siku ya tatu ya kulima, injini ya trekta ikanoki. Alinipigia saa moja asubuhi, wala hana wasiwasi: "Bwana shamba, imekufa, lakini si tuna ile nyingine?" Tulipotoa turubai tukakuta mavu wamejenga kwenye matundu ya ekzosi, maji yameingia kupitia manifoldi, na silinda ya pili imeshika kutu kiasi kwamba kranki haizunguki hata kwa bomba refu. Fundi alipoilaza akatuonyesha na jambo la pili, ambalo mimi nilipaswa kuliona siku ya kununua: sampu yake, yaani lile bakuli la oili chini, ilikuwa ya bati. Nitaeleza baadaye kwa nini hilo ni tatizo kubwa.

Trekta lilisimama siku 19. Alikuwa ameshapokea malipo ya awali kwa majirani watano, akarudisha yote. Mahindi yake mwenyewe aliyapanda wakati wenzake wanapalilia, na ukame wa Februari ukayakuta yanatoa mbelewele. Mama yake alitoka na chai, akaiangalia ile injini chini ya mwembe, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii nayo inauzwa kwa kilo?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo haya ninayoandika ni yale ambayo ningemwambia siku ile.

Kwanza, je, unaihitaji?

Si kila mwenye trekta anahitaji injini ya akiba. Kama trekta lako ni jipya na bado lina dhamana ya muuzaji, pesa hiyo weka kwenye mbegu na mbolea. Kama unalima ekari 10 au 15 na jirani ana trekta la kukodi, pia usijisumbue. Akiba inamfaa yule ambaye trekta moja la zamani ndilo linamlimia na ndilo linamwingizia pesa ya wateja, na hana la pili.

Piga hesabu hivi. Tuseme Massey 135 yenye plau ya diski mbili inakulimia ekari 5 kwa siku, na ekari moja unalipwa shilingi 50,000. Injini ikifunguliwa katikati ya msimu, kati ya kusubiri spea, kupeleka bloku kwa mkerezaji na kufunga upya, wiki tatu zinapita bila wewe kujua. Siku 21 mara ekari 5 mara 50,000 ni shilingi 5,250,000. Toa dizeli na posho ya dereva, kinachobaki ndicho unachopoteza, na hapo bado hujahesabu shamba lako mwenyewe lililochelewa. Weka bei za kwenu kwenye hesabu hiyo hiyo, kisha linganisha na bei ya ile injini unayoitaka. Mkulima wa biashara anaamua kwa namba, si kwa sababu kitu kinauzwa rahisi.

Habari njema ni kwamba hizi Massey za zamani ni rafiki wa spea. MF 135 ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964 na ikakoma katikati ya miaka ya 1970, lakini injini yake, Perkins AD3.152 ya lita 2.5, haikukoma pale. Ilifungwa pia kwenye MF 240, na MF 240 iliendelea kutengenezwa Pakistani na kampuni ya Millat miaka mingi baadaye. Ndiyo maana leo ukiingia duka la spea za trekta ukataja pistoni, ringi, slivu au gasketi za silinda 3, muuzaji hakushangai. Kaka zake wa silinda 4 ni A4.236 iliyokuwa kwenye MF 265 na A4.248 iliyo kwenye MF 290. Hizi nazo zimejaa kwenye jenereta, kompresa na mashine za kuvuna.

Na hapo kwenye jenereta ndipo mtego ulipo.

Jina moja, injini mbili

Trekta hizi hazina chasisi kama gari. Ukiangalia Land Rover au lori utaona injini imekalia fremu. Massey haina fremu. Ekseli ya mbele imefungwa kwenye injini, injini imefungwa kwenye gia boksi, gia boksi imefungwa kwenye difu. Injini yenyewe ni uti wa mgongo wa trekta. Kwa sababu hiyo sampu ya injini ya trekta ni chuma kizito cha kusubu, kinabeba uzito. Injini ile ile ya Perkins ikiwa imetoka kwenye jenereta au pampu ya maji, mara nyingi sampu yake ni ya bati, kwa kuwa pale haibebi kitu, imekalia tu fremu yake. Huwezi kuifunga kwenye trekta kama ilivyo.

Haimaanishi usinunue ya jenereta. Maana yake ni kwamba unanunua bloku, kranki na silinda hedi, na vingine utavihamisha kutoka kwenye injini yako iliyokufa: sampu, flaiwili na sahani yake ya nyuma, na vifaa vya mbele vinavyopokea ekseli. Hivyo ile iliyokufa usiiuze kwa kilo kabla ya kumaliza kazi! Pia pampu ya nozeli ya jenereta imesetiwa izunguke kwa mwendo mmoja, kwa kawaida mizunguko 1,500 kwa dakika. Trekta linahitaji kupanda na kushuka. Tumia pampu yako ya zamani kama ni nzima, au peleka hiyo kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia. Asikudanganye mtu kwamba "tutaiseti kwa sikio".

Siku ya kununua beba vitu vitatu: tochi, kitambaa, na simu ya kupiga picha. Futa bloku mpaka uione namba ya injini iliyogongwa, piga picha. Zile herufi za mwanzo na orodha ya tarakimu zinamwambia muuza spea ni injini ya familia gani na ya toleo gani. Usiridhike na "hii ni ya Massey". Slivu za AD3.152, kwa mfano, ziko zenye kromu na ziko za chuma cha kawaida, na ringi zake hazibadilishani. Sili ya nyuma ya kranki iko ya kamba na iko ya mpira. Ukinunua seti ya spea kwa jina la trekta tu, bila kufungua na kupima, una nafasi nzuri ya kurudi dukani na boksi lako mkononi.

Uliza kama kranki imeshakerezwa. Kranki ya standadi ina maisha mbele yake, kwa sababu inaweza kukerezwa kwa inchi 0.010, baadaye 0.020, halafu 0.030. Ikishafika hapo mwisho, umenunua injini ambayo safari ijayo inatafuta kranki nyingine. Muuzaji akisema hajui, fungua sampu uangalie nyuma ya beringi, saizi imeandikwa pale. Akikataa usifungue, basi bei iwe ya kitu ambacho hakijafunguliwa.

Mimi siku hizi nikiulizwa nachagua nini, nasema hivi: kama pesa inaruhusu, usinunue injini peke yake, nunua trekta zima lililokufa, lile mafundi wanaloita la kuchinja. Lenye tairi zilizooza na bodi iliyokatika, haijalishi. Utapata injini yenye sampu sahihi, gia boksi inayoingiliana nayo, haidroliki, ekseli, na boliti zake zote. Hizo boliti dharau uone, utazitafuta mji mzima.

Gia boksi

Nina maoni ambayo mafundi wengine wananipinga. Kwa injini, unaweza kuweka akiba ya vipande: seti ya pistoni na slivu, gasketi, beringi, na bloku moja nzuri. Kwa gia boksi, weka nzima. Injini ikifa, mkerezaji mjini atakuokoa. Jino la gia likivunjika ndani, hulikerezi, unalitafuta, na kama boksi lako ni la toleo lisilo la kawaida utalitafuta sana.

Matoleo yenyewe ni haya. MF 135 ziko zenye gia 6 za mbele na 2 za nyuma, na ziko zenye Multi-Power ambayo inazizidisha kuwa 12 na 4. Za mwisho mwisho na MF 240 utazikuta na gia 8. Kwa nje zinafanana sana. Kabla ya kulipa, fanya kazi moja ya kitoto: hesabu meno ya shafti inayoingia kwenye klachi, kwenye boksi la akiba na kwenye lako. Angalia pia kama trekta lako lina klachi moja au klachi mbili, ile ambayo ukikanyaga nusu trekta linasimama huku PTO inaendelea. Boksi la klachi mbili lina shafti ndani ya shafti. Ukilifunga kwenye trekta la klachi moja bila kubadilisha klachi, umepoteza siku mbili na umechoka bure.

Hapo kwenye Multi-Power niseme kitu nje ya mada, kwa sababu huku kwetu kuna milima. Multi-Power ikiwa upande wa chini, injini haizuii trekta. Ukishuka na tela la mahindi, trekta linatereza kama liko nyutro. Kama umezoea boksi la gia 6 na umefungiwa la Multi-Power kutoka akiba, mwambie dereva kabla hajashika usukani. Kabla ya kushuka aweke upande wa juu na gia ndogo.

Oili. Kwenye hizi Massey gia boksi, difu na haidroliki vinatumia oili moja, na pampu ya haidroliki imelala humo humo ndani. Kwa hiyo ukifungua boksi la akiba ukakuta oili nyeupe kama maziwa, ujue maji yaliingia, na si gia tu za kukagua, bali na beringi zote na ile pampu.

Kuitunza isife ikiwa imelala

Injini iliyosimama inaharibika kuliko inayofanya kazi. Tulichokosea sisi kilikuwa rahisi kukizuia, kilihitaji jioni moja na lita chache za oili.

Mwaga maji yote kwenye bloku, fungua na kile kizibo cha pembeni, usitegemee bomba la rejeta. Mwaga oili ya zamani ingali ya moto, maana oili iliyotumika ina tindikali na maji, kisha weka mpya. Toa nozeli, mimina oili safi ya injini kiasi cha vijiko viwili vya chakula kila silinda, zungusha kranki kwa mkono mara mbili kamili, rudisha nozeli. Ukizidisha oili, siku ya kuwasha inaweza kukwama juu ya pistoni na kupinda konrodi. Kwa hiyo siku hiyo toa nozeli kwanza, zungusha, iteme oili, ndipo ufunge na kuwasha.

Kisha ziba. Ziba kila tundu: manifoldi ya hewa, ekzosi, tundu la kupumulia, mirija ya maji, ncha za mirija ya dizeli. Usitumie matambara. Tambara linanyonya unyevu na kuukumbatia hapo hapo, na panya anapenda kulalia. Tumia vizibo vya plastiki, au kata kipande cha mbao, au bati na gasketi na boliti mbili. Mavu wanahitaji tundu dogo sana.

Pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani. Ukiiacha na dizeli chafu yenye maji, vyuma vyake vya ndani vinashika kutu na bei ya kuitengeneza itakuliza. Ijaze dizeli safi iliyochujwa, ziba matundu yote. Wengine wanaitoa na kuihifadhi ndani ya nyumba kwenye ndoo yenye kifuniko. Naona ni vizuri, kwanza wezi wanaijua bei yake.

Gia boksi usiliache tupu. Boksi tupu, gia za juu hazina oili, na unyevu wa usiku unazimaliza taratibu. Lijaze mpaka alama, funika juu kwa bati na gasketi, paka grisi meno ya shafti yaliyo nje na uyafunge kwa nailoni.

Vyote viwili viinue kwenye mbao, visiguse sakafu, ndani ya banda lenye paa. Turubai juu ya udongo si banda, lenyewe linatega jasho. Halafu mara moja kwa mwezi zungusha. Injini mzunguko mmoja na robo, ili pistoni zisirudi kulala pale pale zilipolala mwezi uliopita. Gia boksi zungusha shafti mara kadhaa. Dakika kumi. Ning'iniza kadi kwenye injini, andika tarehe na sahihi, kama kadi ya chanjo ya ng'ombe. Yule kijana wangu amempa kazi hiyo mdogo wake, na kadi iko hapo, nimeiona.

Siku ya kuifunga

Mambo mawili tu. La kwanza ni usalama. Trekta hili likitenganishwa kati, nusu ya mbele inakalia ekseli inayocheza kwenye pini moja, inaweza kulala upande na kumponda mtu. Kabla ya kulegeza boliti hata moja, gonga kabari za mbao ngumu kila upande kati ya ekseli na kiti chake, weka jeki na magogo chini ya nusu zote mbili. Asiwepo mtu chini.

La pili, jiulize ile ya kwanza ilikufa kwa nini. Hizi Massey zina chujio la hewa la oili, lile bakuli la chini. Vumbi letu la Oktoba linalijaza tope kwa siku chache. Kama injini ilikufa kwa vumbi, kwa rejeta iliyoziba au kwa geji ya oili iliyokufa ambayo dereva alishaizoea, basi ukifunga ya akiba bila kurekebisha hayo, na hiyo unaizika.

Kuna vijana wanne wa kata jirani, wote wana MF 240, wamenunua injini moja ya pamoja. Nimeipenda. Wameandikiana kwamba atakayeifunga lazima injini yake iliyokufa ifufuliwe kwa gharama yake na irudi bandani kabla ya msimu unaofuata, na mpaka irudi hatagusa pesa ya wateja zaidi ya dizeli. Walibishana sana kwenye kipengele hicho, mimi nikiwa nimekaa hapo. Kama mnataka kufanya hivyo, bishaneni mapema, injini ikiwa bado nzima.

Na karatasi. Kadi ya usajili wa trekta ina namba ya injini. Ukibadilisha injini, nenda TRA urekebishe kadi, la sivyo siku ya kuuza au ya kusimamishwa barabarani utaeleza sana. Injini za wizi zipo. Dai hati ya mauziano yenye namba ya injini, jina na kitambulisho cha muuzaji, na mashahidi, ikiwezekana mbele ya mtendaji wa kijiji. Muuzaji anayekwepa ofisi ya kijiji, mwache na injini yake.

Wale watatu mlionipigia: kabla hamjatoa pesa, nitumieni picha ya namba ya injini, ya sampu, na ya meno ya shafti. Tuangalie pamoja kwanza.